Pran Puri: Hujaji wa mikono iliyoinuliwa aliyepita Maskati

Mwaka 1792, katika mji mtakatifu wa Benares kando ya Mto Ganga, mtu mmoja aliketi mbele ya ofisa wa Kiingereza na kusimulia maisha yake. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeinuliwa juu ya kichwa, viganja vimeshikana. Hakuiinua kwa ajili ya mazungumzo hayo. Ilikuwa huko juu tangu ujana wake, miongo kadhaa kabla, kwa nadhiri aliyoiweka mbele ya Mungu.

Mtu huyo aliitwa Pran Puri, jina ambalo katika vitabu vingine huandikwa Purana Puri au Purn Puri. Leo anahesabiwa miongoni mwa mahujaji wa Kihindu wa karne ya 18 wanaojulikana zaidi nje ya India. Alizuru mahali patakatifu kutoka kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa ni Sri Lanka, hadi Bahari ya Kaspi, na kutoka Moscow hadi Tibet. Katika mzunguko huo alishuka pia Maskati, bandari ambayo majahazi yake yalikuwa yakiijua vyema njia ya Unguja, Mombasa na Kilwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kisa cha hujaji huyu kina uzito wake. Kinaonyesha jinsi imani na biashara zilivyosafiri katika chombo kimoja, na jinsi mtu asiyeweza hata kujitilia chakula kinywani alivyovuka nchi za Waislamu, Wakristo na Mabudha akitegemea ukarimu wa watu asiowajua.

Mtoto aliyetoroka nyumbani

Pran Puri alizaliwa Kanauj, mji wa kale wa kaskazini mwa India, katika ukoo wa tabaka la wapiganaji. Akiwa na umri wa miaka tisa tu aliondoka kwao kwa siri, akaenda Bithur, kando ya Ganga, na huko akajiunga na watawa.

Zama zenyewe zilikuwa za misukosuko. Dola ya Mughal mjini Delhi ilikuwa ikimomonyoka. Ahmad Shah Durrani, mfalme wa Waafghani, alikuwa akiishambulia India mara kwa mara, na mwaka 1757 majeshi yake yaliuteka nyara mji wa Mathura, ambao Wahindu wanauheshimu kuwa mahali alipozaliwa Krishna. Kijana wa Kanauj aliingia utawani miaka michache kabla ya maafa hayo.

Mtawa wa aina yake huitwa sanyasi. Anapoingia katika njia hiyo hufanyiwa ibada inayofanana na mazishi yake mwenyewe: huacha jina la ukoo, mali, tabaka na madai yote ya urithi. Jina la Puri ni mojawapo ya majina kumi ya watawa wanaojinasibisha na Shankara, mwanafalsafa mkubwa wa dini ya Kihindu.

Hatua hiyo ina maana ya pekee kwa atakayesafiri. Wahindu wengi wa matabaka ya juu waliamini kuwa kuvuka bahari kunamtia mtu najisi na kunaweza kumtoa katika tabaka lake. Sanyasi hakuwa na tabaka la kupoteza. Kwa hesabu ya jamii alikwisha kufa, na bahari haikuweza kumnyang'anya alichokwisha kukiacha.

Nadhiri ya mikono

Kutoka Bithur alikwenda Allahabad, pale Mto Ganga unapokutana na Mto Yamuna. Hapo ndipo mahali ambapo hadi leo hufanyika mkusanyiko mkubwa wa mahujaji uitwao Kumbh Mela, ambao mara ya mwisho ulifanyika mapema mwaka 2025.

Katika mkusanyiko wa mahujaji wa wakati wake, Pran Puri alisikia habari za aina mbalimbali za kujinyima na kuutesa mwili kwa ajili ya Mungu. Miongoni mwazo alichagua ile ya kuinua mikono na kuiacha juu kwa maisha yote. Mwenye kufanya hivyo hupata maumivu makali katika miezi ya mwanzo. Kisha viungo hukauka, misuli hunywea, na mikono haishuki tena hata mwenyewe akitaka.

Ni vigumu kulipima jambo hili kwa vipimo vya siku hizi. Lakini matokeo yake yako wazi. Mtu wa namna hiyo hawezi kubeba silaha, hawezi kuhesabu fedha, wala hawezi kukoka moto au kujipikia. Kila tonge analokula hulipata kwa mkono wa mwingine. Pran Puri aliichagua hali hiyo kwanza, ndipo akaanza safari.

Kusini hadi Ceylon, magharibi hadi Hinglaj

Safari zake za mwanzo zilifuata njia zilizozoeleka na mahujaji wa Kihindu. Alipitia Ujjain na mahekalu ya Ellora yaliyochongwa katika miamba, akaendelea kusini hadi Rameswaram, kwenye ncha ya India inayoitazama Ceylon. Rameswaram ni mojawapo ya pembe nne takatifu za India. Nyingine ni Puri upande wa mashariki, Dwarka magharibi na Badrinath kaskazini katika milima ya Himalaya.

Kisha akavuka hadi Ceylon, akafika katika mlima ambao kileleni mwake kuna alama kubwa inayofanana na unyayo. Mabudha husema ni unyayo wa Buddha, Wahindu husema ni wa Shiva, na Waislamu wengi husema ni wa Adamu. Mahujaji wa dini hizo hupanda mlima huohuo kwa ngazi zilezile, na kila kundi huomba kwa namna yake.

Aliporejea bara alipanda na pwani ya magharibi hadi Dwarka, mji wa Krishna unaotazama Bahari ya Arabu. Kutoka huko akaelekea Hinglaj, katika milima mikavu ya Balochistan, ambayo sasa iko Pakistan. Hinglaj ni pango la mungu wa kike, na safari ya kwenda huko ilikuwa ya jua kali na kiu. Waislamu wa maeneo hayo nao wameliheshimu pango hilo tangu kale, na humwita mwenyewe Bibi Nani.

Jina la Balochistan si geni masikioni mwa watu wa pwani. Kutoka ukanda huo wa Makran ndiko walikotoka Mabulushi wengi waliokuwa askari wa masultani wa Oman na Zanzibar. Gwadar, bandari iliyo magharibi ya Hinglaj, ilikuja kuwa milki ya Oman mwishoni mwa karne ya 18 na ikabaki hivyo mpaka ilipokabidhiwa Pakistan mwaka 1958.

Kidonda cha mfalme

Baada ya kurudi India na kuzuru Hardwar, Pran Puri alipanda tena kaskazini-magharibi, akavuka Mto Indus na kuingia nchi ya Waafghani. Katika maeneo ya Ghazni alikutana na kambi ya Ahmad Shah Durrani mwenyewe, yule ambaye majeshi yake yalikuwa yameteka nyara miji mitakatifu ya Wahindu.

Mfalme huyo alikuwa akisumbuliwa na kidonda puani ambacho matabibu wake walishindwa kukiponya. Aliposikia kuwa kuna mtawa wa Kihindu mwenye nadhiri ya ajabu, akamwita na kumtaka dawa.

Hapo hujaji alikabiliwa na mtihani. Kama angetoa dawa na isifae, angeweza kupoteza maisha. Kama angekiri kuwa hana dawa, huenda angehesabiwa kuwa mlaghai. Akajibu kwa hekima: akamweleza mfalme kwamba huenda kidonda hicho kina uhusiano na bahati ya utawala wake, na kwamba kukiondoa kungeweza kuuondoa na utawala pia. Mfalme akaridhika, na Pran Puri akaendelea na safari yake salama. Ahmad Shah alifariki dunia mwaka 1772, akiwa bado na ugonjwa huo na akiwa bado mfalme.

Moto wa Baku, barafu ya Volga

Kutoka Afghanistan alipita Herat na Mashhad katika Uajemi, akafika kwenye Bahari ya Kaspi. Lengo lake lilikuwa mahali ambapo moto hutoka ardhini wenyewe, karibu na mji wa Baku katika nchi ambayo sasa ni Azerbaijan.

Moto huo ulitokana na gesi iliyovuja kutoka chini ya ardhi. Kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakipita njia hiyo, ulikuwa dhihirisho la mungu wa kike wa miali. Walijenga hapo hekalu lenye vyumba vya mahujaji, na maandishi yao ya karne ya 18 bado yanasomeka katika mawe ya kuta zake. Pran Puri alikaa huko kwa muda, kisha akavuka hadi Astrakhan, mji wa Urusi ulio kwenye mdomo wa Mto Volga. Jumuiya ya wafanyabiashara wa Kihindi ilikuwa imekita huko tangu karne ya 17.

Mto ulipoganda alisafiri juu ya barafu kuelekea kaskazini, na baada ya siku nyingi akafika Moscow. Katika mji huo wa makanisa hapakuwa na mahali patakatifu pa Kihindu. Hujaji alitazama, akageuka na kurudi kusini kupitia Tabriz, Hamadan, Isfahan na Shiraz. Uajemi wakati huo ulikuwa chini ya Karim Khan Zand, aliyetawala hadi mwaka 1779.

Safari hiyo ya kaskazini inafichua siri ya mzunguko wake wote. Pran Puri hakutangatanga ovyo. Aliambaa na mnyororo wa wafanyabiashara wa Kihindi waliotapakaa Asia, na kila walipoweka duka na kibanda cha ibada, hapo hujaji alipata kituo. Moscow ndipo alipogeukia.

Maskati

Kutoka Shiraz hujaji aliteremka hadi Ghuba, akapita Bahrain na kufika Basra, ambako alisimulia kuwepo kwa sanamu mbili za mungu Vishnu zilizoheshimiwa na Wahindu. Kisha akafika Maskati.

Anayeingia Maskati kwa bahari hukutana kwanza na miamba myeusi, halafu ngome mbili walizojenga Wareno, na katikati yake bandari ndogo yenye kina kirefu. Katika zama za Pran Puri nchi ilikuwa chini ya Imam Ahmad bin Said, mwasisi wa ukoo wa Al Busaidi, ambaye aliwatoa Waajemi katika miaka ya 1740 na kutawala hadi alipofariki mwaka 1783. Makao yake yalikuwa Rustaq, ndani ya milima, lakini fedha za nchi zilipita Maskati: kahawa ya Yemen, tende za Basra, mchele na vitambaa vya India, pamoja na pembe za ndovu za Afrika Mashariki.

Wahindu walikuwa wengi mjini humo. Msafiri Carsten Niebuhr, aliyekuwa katika ujumbe wa kitaalamu wa mfalme wa Denmark, alifika Maskati mwaka 1765 na kukadiria kuwa Mabaniani walikuwa takriban 1,200. Aliona kwamba hakuna mji mwingine wa Kiislamu uliokuwa na Mabaniani wengi kiasi hicho. Waliruhusiwa kuishi kwa sheria zao, kuleta wake zao, kuweka sanamu zao majumbani na kuchoma maiti zao kwa mujibu wa dini yao.

Waomani wenyewe walikuwa na hadithi ya kueleza asili ya heshima hiyo. Kwa mujibu wa Ibn Ruzayq, mwanahistoria wa Oman wa karne ya 19, mfanyabiashara mmoja wa Kibaniani ndiye aliyesaidia kuwatoa Wareno mwaka 1650. Mkuu wa ngome wa Kireno alitaka kumwoa binti wa Baniani huyo kwa nguvu. Baba akajifanya amekubali, akamshawishi mkuu huyo aondoe akiba ya maji na vyakula ngomeni kwa kisingizio cha kuleta mipya, kisha akapeleka habari kwa Imam. Mji ukatekwa, na Baniani na jamaa zake wakasamehewa kodi ya wasiokuwa Waislamu. Ziwe zote ni historia au zimechanganyika na ngano, habari hizo zilidumu midomoni mwa watu, na zilimpa Baniani nafasi ya heshima katika kisa cha ukombozi wa mji.

Basi Pran Puri alipofika Maskati aliwakuta watu wa dini yake. Wengi wao walitoka Sindh na Kutch. Walikuwa wafanyabiashara, wakopeshaji na makarani, watu waliokaa ugenini kwa miaka wakingoja msimu wa kurudi nyumbani. Kwa imani ya Kihindu, kumlisha sanyasi ni tendo la thawabu, na kumtazama aliyefika mahali patakatifu ni kupata fungu la baraka zake. Mfanyabiashara aliyefungwa na vitabu vyake vya hesabu hakuweza kwenda Rameswaram wala Hinglaj. Lakini siku moja mtu aliyefika kote huko alishuka bandarini, mikono juu, akihitaji mtu wa kumlisha.

Huo ndio uliokuwa uhusiano wa hujaji na mfanyabiashara. Mmoja aliacha kila kitu na hakuweza kuishi bila wasioacha. Mwingine alikusanya mali na alihitaji kukumbushwa kuwa mali si mwisho wa safari.

Hata hivyo, si vyema kuipamba Maskati kupita kiasi. Bandari iyo hiyo iliyompokea mgeni asiye na silaha ilikuwa pia soko la watumwa kutoka Afrika Mashariki. Wao nao walifika ugenini wakiwa hawana kitu, lakini kwa kulazimishwa, na hakuna aliyeketi kuandika majina ya mahali walikopita. Ukarimu wa mji ulikuwa wa kweli, na mipaka yake ilikuwa ya kweli pia.

Kutoka Maskati hadi Unguja

Jumuiya aliyoikuta Pran Puri ndiyo iliyokuja kuathiri historia ya Zanzibar. Mjukuu wa Imam Ahmad bin Said alikuwa Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia mwaka 1806 hadi 1856 na kuhamishia makao yake Unguja. Pamoja naye zilikuja fedha na hesabu za Mabaniani.

Aliyejulikana kuliko wote ni Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miongo mingi. Alifariki mwaka 1866. Kila pembe ya ndovu na kila gunia la karafuu lililopita bandarini lilipita katika vitabu vya watu wake, na kwa muda mrefu biashara ya watumwa ilikuwa sehemu ya uchumi huohuo.

Waswahili waliwaangalia Mabaniani kwa macho mawili. Methali inayomtaja Baniani na kiatu chake, ambayo kila mtoto wa pwani anaijua, inabeba yote mawili: kutomwamini mtu na kukihitaji alicho nacho. Mabaniani wenyewe, wengi wao wafuasi wa Krishna, waliishi Unguja wakiielekeza mioyo yao Dwarka, ng'ambo ya ghuba kutoka Kutch, na Nathdwara huko Rajasthan. Pepo za msimu zilizoleta majahazi ndizo zilizowapa waliomaliza muda wao nafasi ya kurudi, kulipa nadhiri na kuoga katika maji matakatifu. Kwao hija ilikuwa ibada, na ilikuwa pia mapumziko ya pekee kutoka katika maisha ya dukani.

Barua kutoka Tibet

Pran Puri alitoka Maskati akafika Surat, bandari kubwa ya magharibi ya India. Hakutulia. Alivuka tena bahari hadi Mokha, katika Yemen, ambako pia aliwakuta Wahindu. Baadaye akaelekea Asia ya Kati, hadi Bukhara na Samarkand, akashuka Kashmir, kisha akapanda Gangotri, ambako Wahindu huheshimu chanzo cha Mto Ganga.

Mwisho akapita Nepal na kuingia Tibet. Alifika Lhasa, na akafika katika ziwa la Manasarovar, chini ya Mlima Kailash, mahali ambapo Wahindu huamini kuwa ni makao ya Shiva na ambapo Mabudha na Wajaini nao huheshimu.

Huko Tibet maisha yake yalichukua sura nyingine. Wakuu wa Tibet walimkabidhi barua za kupeleka kwa Warren Hastings, Gavana Mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India mjini Calcutta. Mtu asiyeweza kushika kalamu akawa mjumbe kati ya mataifa mawili. Hastings alimpa makazi ya kudumu: kijiji kiitwacho Asapur, katika eneo la Benares, kiwe chake bila kutozwa kodi.

Jambo hilo halikuwa dogo. Katika miaka ya 1770 serikali hiyohiyo ya Hastings ilikuwa ikipambana na makundi ya watawa wenye silaha huko Bengal, na ilitoa amri za kuwafukuza. Watawa wengine walikuwa wafanyabiashara wakubwa, wengine askari wa kukodiwa. Sanyasi mmoja aliyeitwa Puran Gir, ambaye baadhi ya watu humchanganya na Pran Puri kwa kufanana kwa majina, aliufikisha ujumbe wa Mskoti George Bogle Tibet mwaka 1774. Kwa watawala wa kigeni, hujaji alikuwa mtu wa kuogopwa au mtu wa kutumiwa, kutegemea siku yenyewe.

Swali ambalo kisa hiki kinaliacha ni kama Pran Puri alibaki kuwa hujaji baada ya kupewa kijiji. Aliyekuwa amefanyiwa mazishi akawa mwenye ardhi. Lakini mikono yake haikushuka, na nyayo zake bado zilikuwa na hamu ya njia. Na baada ya kupata makazi, alikuja kusimulia safari zake kwa kirefu.

Aliyeandika masimulizi

Ofisa aliyemsikiliza mwaka 1792 aliitwa Jonathan Duncan, mwakilishi wa Kampuni hiyo mjini Benares. Masimulizi hayo yalichapishwa Calcutta mwishoni mwa karne ya 18 katika jarida la jumuiya ya wataalamu wa mambo ya Asia, yakiambatana na picha ya hujaji ameketi, mikono juu ya kichwa. Pamoja naye alielezwa mtawa mwingine, ambaye yeye alijitesa kwa kulala juu ya kitanda cha misumari.

Pran Puri alisimulia kwa kumbukumbu tu, bila ramani wala daftari. Majina ya miji aliyoyataja yanatambulika hata leo, mengi yakiwa katika mpangilio unaoaminika.

Duncan mwenyewe aliunganishwa tena na Maskati. Mwaka 1795 aliteuliwa Gavana wa Bombay. Mwaka 1798 alimtuma mjumbe kwa mtawala wa Maskati, Sultan bin Ahmad, na mwezi Oktoba mwaka huo ukasainiwa mkataba kati ya Oman na Waingereza. Sultan bin Ahmad ndiye baba wa Sayyid Said. Kwa hiyo kalamu iliyoandika safari ya hujaji ilikuwa ya mtu aliyefungua mlango ambao baadaye Uingereza ilipita kuingia katika siasa za Zanzibar. Hujaji alipita Maskati akitafuta watu wa kumlisha, na dola ikapita palepale ikitafuta bandari.

Njia ilivyo sasa

Zaidi ya karne mbili zimepita. Maskati bado ina Wahindu. Hekalu la Shiva lipo katika mji wa kale, karibu na kasri la Sultan, na hekalu la Krishna liko Darsait. Mwaka 2018 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alizuru hekalu hilo la Shiva alipokuwa katika ziara rasmi nchini Oman.

Leo familia ya Kihindu ya Maskati, Nairobi au Dar es Salaam huweza kupanda ndege na kufika India siku hiyohiyo. Mawakala wa safari huuza ziara za mahali patakatifu, na wengi huzichukua kama likizo ya kiroho: siku chache Dwarka, siku chache Hardwar, picha kadhaa za ukumbusho, kisha kurudi kazini.

Lakini njia nzima ya Pran Puri ni ngumu kuifuata sasa kuliko ilivyokuwa kwake. Hinglaj iko ng'ambo ya mpaka wa India na Pakistan, nchi mbili zilizopigana vita mara kadhaa. Njia ya Kailash na Manasarovar ilifungwa kwa Wahindi baada ya vita vya India na China vya mwaka 1962, ikafunguliwa mwaka 1981, ikasimama tena mwaka 2020 na kurejea mwaka 2025. Hekalu la moto la Baku limekuwa makumbusho, na moto wake wa asili ulizimika mwaka 1969. Miali inayoonekana leo huletwa na bomba.

Pran Puri hakuwa na pasipoti. Hakuwa hata na mkono wa kuishika. Alichokuwa nacho ni nadhiri iliyoonekana kwa kila mtu kutoka mbali, na matumaini kwamba katika bandari inayofuata, iwe Astrakhan, Basra au Maskati, patakuwa na mtu wa kumkaribisha. Kwa safari ya nusu ya maisha yake, bandari baada ya bandari, mtu huyo alipatikana.